Maswali ya Wasomaji: Kibushi cha Mayotte na ndugu zake wa Bukini

Toleo lililopita tuliandika mistari michache kuhusu Mayotte, kisiwa cha Komoro kilicho chini ya Ufaransa, tukataja kwamba katika baadhi ya vijiji vyake lugha ya nyumbani si ya Kibantu bali ni Kibushi, ndugu wa Kimalagasi. Barua zilizofuata zimetufurahisha mno. Hapa tunajibu nane kati yake, na penye swali zito tumejipa nafasi ya kutosha.

SWALI: Hapa Unguja tuna ngoma ya kibuki. Wazee husema pepo wake wametoka Bukini na husema lugha ya huko. Je, Kibuki hicho ndicho Kibushi mlichokiandika? – Msomaji, Zanzibar

JIBU: Jina ni lilelile. Bukini kwa Kiswahili cha zamani ndiyo Madagaska, na Wabuki ni wenyeji wake. Wenzetu wa Komoro husema Bushi, kwa kuwa penye ki yetu wao mara nyingi wana shi. Sisi tunasema Kiswahili, Wamaore (watu wa Mayotte) lugha yao ya Kibantu wanaiita Shimaore. Buki na Bushi ni neno moja lililopita katika vinywa viwili.

Pepo wa kibuki wanahusishwa na wafalme wa Wasakalava wa magharibi ya Madagaska. Huko kwao mambo haya huitwa tromba, na Mayotte trumba. Kwa hiyo maneno ya ngomani na Kibushi cha Mayotte vina asili ya karibu. Lakini usiipime lugha kwa ngoma. Ngomani hubaki maneno machache yaliyokaririwa, ilhali Kibushi ni lugha ya watoto wanaogombana uwanjani na wanawake wanaopatana bei ya samaki.

Jambo moja linastahili kuangaliwa kwa makini. Kimalagasi hakina ngeli hata moja, wala hakina kiambishi cha kutaja lugha kama ki- yetu. Hata hivyo wazungumzaji wenyewe wanaiita lugha yao Kibushi. Yaani wameliazima jina la lugha yao pamoja na ngeli yake kutoka kwa majirani wa Kibantu, huku ndani ya lugha yenyewe ngeli hazimo. Ukishaielewa hali hiyo, umeielewa nusu ya habari ya lugha hii: ukoo wake uko mbali, ujirani wake uko kwetu.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nimesoma kwamba kwa Kimalagasi ng'ombe ni omby, kuku ni akoho, kanga yule ndege ni akanga, punda ni ampondra, na katika lahaja za kaskazini na magharibi mbwa ni amboa. Kwa ushahidi huu, mbona tunaambiwa lugha hiyo ilitoka Asia? Si Kibantu kilichochakaa? – Mwalimu, Tanga

JIBU: Mwalimu, orodha yako ni sahihi neno kwa neno. Kasoro yake ni kwamba umeangalia zizini na bandani peke yake. Hebu toka zizini uhesabu vidole.

Moja mpaka kumi kwa Kimalagasi rasmi ni iray (au isa), roa, telo, efatra, dimy, enina, fito, valo, sivy, folo. Mia ni zato na elfu ni arivo. Sasa chukua Kimalei: mbili ni dua, nne empat, tano lima, sita enam, kumi sepuluh, mia ratus, elfu ribu. Saba na nane za Kimalei, tujuh na delapan, hazifanani na za Kimalagasi, kwa sababu Kimalei kilizibadilisha za kwake. Nenda Kijava utazikuta mahali pake, pitu na wolu. Hesabu ya mpaka elfu haiazimwi kwa urahisi hivyo, moja baada ya nyingine, na watu waliokwenda sokoni tu.

Lakini kufanana peke yake hakutoshi, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kinachothibitisha undugu ni utaratibu: sauti fulani ya lugha moja kuitikiwa na sauti ileile ya pili, neno baada ya neno. P ya huko ni f ya huku: pitu ni fito, puluh ni folo, api (moto) ni afo. B ni v: batu (jiwe) ni vato, bulan (mwezi) ni volana, bulu (manyoya) ni volo. Kisha lichukue neno moja ulifungue kipande kwa kipande. Mti au ubao kwa Kimalei ni kayu, kwa Kimalagasi ni hazo. Kwa macho hayafanani kabisa. Lakini k huitikiwa na h, y huitikiwa na z, na ile o ya mwisho katika maandishi ya Kimalagasi hutamkwa u. Kayu, hayu, hazu. Limefika.

Ndugu wa karibu zaidi hakuwa Kimalei. Mwaka 1951 Otto Christian Dahl, mmisionari na mwanaisimu wa Norwe, alionyesha kwa kina kwamba Kimalagasi kimekaribiana mno na Kima'anyan, lugha ya watu wa bonde la mto Barito, kusini mashariki ya kisiwa cha Borneo. Angalia tano. Kimalei lima, Kimalagasi dimy, Kima'anyan dime. L ya zamani mbele ya i ni d kwa Kima'anyan na kwa Kimalagasi rasmi, ingawa lahaja za magharibi ya Madagaska zimebaki na l, kwa hiyo mfano huu peke yake hautoshi kuthibitisha ukaribu huo. Zote ni za familia kubwa ya Kiaustronesia, yenye lugha zipatazo 1,200, kuanzia Taiwan mpaka Rapa Nui, kisiwa cha Chile kilicho mbali sana katika bahari ya Pasifiki, na Kimalagasi ndicho kilicho mwisho wa magharibi.

Sasa turudi zizini. Omby, akoho, akanga, ampondra, amboa ni maneno ya Kibantu kweli, na tungeongeza osy (mbuzi), ondry (kondoo) na mamba. Yote ni ya wanyama, na hilo halikutokea kwa bahati. Mifugo hii waliipata upande huu wa bahari, kutoka kwa watu wenye Kibantu, wakaichukua pamoja na majina yake. Tena lipo neno linaloonyesha zamu hiyo ilivyobadilika. Kwa Kimalei na Kijava lembu ni ng'ombe. Kwa Kimalagasi lambo ni nguruwe mwitu. Neno lilihama mnyama, na ng'ombe akaitwa kwa jina la Kibantu.

Kibantu huenda hakikuishia kwenye majina tu. Kimalagasi hakipendi neno liishie kwa konsonanti: langit (mbingu) imekuwa lanitra, anak (mtoto) imekuwa anaka, bulan volana. Ni kama sisi tulivyoipokea kitab ya Kiarabu tukaifanya kitabu. Dahl mwenyewe aliona hapo pana alama ya Waafrika waliojifunza lugha hiyo na kuisema kwa midomo iliyozoea Kibantu. Sisi tunauona huo kuwa ndio maelezo bora.

Kwa mwanafunzi anayetaka kupambanua neno la urithi na neno la mkopo, mwambie aulize mambo matatu kwa mpangilio huu. Je, ni neno la mwili, hesabu, mbingu na moto, au ni la mifugo, biashara na dini? Je, sauti zake zimepita katika mabadiliko ya p, b, k na y, au zimebaki mbichi? Je, linapatikana kwa ndugu wa mbali wasiowahi kuonana na Waswahili, kama Wama'anyan? Neno likifaulu yote matatu, ni la urithi. Asipouliza la pili na la tatu, atanaswa na maty. Maty kwa Kimalagasi ni aliyekufa, na maiti kwetu ni mwili wa aliyekufa. Kila mtu huruka akasema ni neno moja. Siyo. Maty ni ndugu wa mati ya Kimalei, urithi wa Kiaustronesia. Maiti yetu ni ya Kiarabu. Yamekutana njiani tu.

SWALI: Kwenye ramani ya Mayotte naona Kani-Kéli na Kani-Bé. Haya ni majina ya Kifaransa? – Msomaji, Bukoba

JIBU: Ni ya Kibushi, yamevishwa alama za Kifaransa. Kely ni ndogo na be ni kubwa, basi una Kani ndogo na Kani kubwa. Ni be hiyohiyo iliyomo katika Nosy Be, kisiwa kikubwa, na katika sorabe, maandishi makubwa, jina la hati za herufi za Kiarabu ambazo Waantemoro wa kusini mashariki ya Madagaska wameandikia Kimalagasi kwa karne nyingi. Ukiona jina la kijiji lina keli au be, jua Kibushi kilipita hapo hata kama leo wenyeji wanasema Shimaore.

SWALI: Kibushi kina lahaja ngapi, na chenyewe ni lugha au ni lahaja ya Kimalagasi? Na hao Antalaotra wanaotajwa katika historia ya Lamu na Mahajanga wanaingiaje? – Msomaji, Lamu

JIBU: Mayotte kuna aina mbili. Kubwa ni Kibushi Kimaore, ambacho wengine hukiita Kisakalava, nacho husikika katika vijiji kama Chiconi, Acoua na Kani-Kéli. Ndogo ni Kiantalaotsi, kilichobaki katika vijiji vichache, Poroani kikiwemo. Jina hilo lenyewe ni somo. Antalaotra ni watu wa baharini; laotra ni laut ya Kimalei, yaani bahari. Walikuwa wafanyabiashara Waislamu wa ghuba za kaskazini magharibi ya Madagaska, waliooana na kufanya biashara na Waswahili na Wakomoro kwa karne nyingi, kwa hiyo usishangae lugha yao ikibeba maneno mengi unayoyajua. Mwisho wake -tsi badala ya -tra ni alama ya lahaja: penye -tra ya Kimalagasi rasmi, lahaja kadhaa za pwani husema -tsy au -tse.

Kimalagasi hakikufika Mayotte kwa safari moja. Wimbi linalokumbukwa zaidi ni la Andriantsoly, mfalme wa Wasakalava wa Boina, aliyekimbilia kisiwani mnamo 1832 na watu wake baada ya kushindwa na ufalme wa Merina wa nyanda za juu, akawa sultani wa Mayotte. Ndiye aliyetia saini mkataba wa tarehe 25 Aprili 1841 uliokitia kisiwa mikononi mwa Wafaransa. Tangu Machi 2011 Mayotte ni mkoa kamili wa Ufaransa, na shule ni za Kifaransa.

Kuhusu lugha au lahaja: orodha ya kimataifa ya misimbo ya lugha inakipa Kibushi msimbo wake, buc, lakini inakiweka chini ya mwavuli mmoja na Kimalagasi. Huo ni msimamo wa haki. Mtu wa Chiconi na mtu wa kaskazini magharibi ya Madagaska huelewana bila taabu. Akikutana na mtu wa Antananarivo, itabidi wote wawili wapunguze mwendo. Tofauti baina ya lahaja za nyanda za juu na za magharibi ni za kutabirika. Mwenzi wa ndoa ni vady kwa Wamerina na valy magharibi. Ngozi ni hoditra na holitra. Tano ni dimy na limy. Utaona ni jambo moja: ile l mbele ya i iligeuka d nyanda za juu, ikabaki l magharibi. Nyeupe ni fotsy kwa Wamerina na foty magharibi, kwa kuwa ti ya zamani nayo ilipita njia hiyohiyo. Ukizijua kanuni mbili tatu za namna hii, kamusi ya Kimerina inakufaa hata kijijini.

Linalotukera ni kusikia Kibushi kikiitwa Kimalagasi kibovu. Foty haikuharibika kutoka fotsy. Fotsy ndiyo iliyobadilika zaidi.

SWALI: Najifunza Kimalagasi kwa kitabu, lakini nikisema, watu wa huko wananiuliza mara mbili. Nakosea wapi? – Msomaji, Nairobi

JIBU: Karibu hakika ni mkazo. Sisi hukaza silabi ya pili kutoka mwisho bila kufikiri. Kimalagasi nacho hufanya hivyo, ila maneno mengi yanayoishia -na, -ka na -tra hukaza ya tatu kutoka mwisho, na silabi ya mwisho hunong'onwa hadi kama haipo. Kosa hili hubadilisha maana. Lalana ukikaza LA ya kwanza ni njia. Ukikaza la pili, lalàna, ni sheria. Tanana ukikaza TA ni mkono. Tanàna ni mji au kijiji. Basi Antananarivo, mji wa elfu, ukiutamka vibaya unautaja mkono.

Baada ya hapo rekebisha irabu: o ya maandishi rasmi ni u yetu. Omby ni umbi, folo ni fulu, trano (nyumba) ni tranu. Y ya mwisho ni i. Tr na dr hutamkwa ncha ya ulimi ikiwa imekunjwa nyuma kidogo. Wamaore wanazo pia, mtu kwao ni mutru. Kwa Kibushi una bahati ya kuzaliwa Mswahili: b na d za kuvuta pumzi ndani, wanazoziandika ɓ na ɗ, ndizo b na d za baba na dada unavyozisema wewe kila siku. Mfaransa huzihangaikia miezi.

Na usisahau salamu. Manao ahoana ni ya nyanda za juu. Kaskazini na kaskazini magharibi utaambiwa mbola tsara, yaani bado ni vizuri. Mayotte ukiambiwa marahaba, usidhani umeitikiwa shikamoo ambayo hukuitoa. Huko marahaba ni asante.

SWALI: Mpangilio wa sentensi umenishinda. Kitenzi kinaanza, mtendaji anaishia mwisho, halafu kuna maumbo ya kitenzi ambayo kitabu changu kinayaita sauti. Nisaidieni kwa mfano mmoja. – Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Mfano wa kufua nguo unatosha. Tunatumia Kimalagasi rasmi kwa kuwa ndicho chenye vitabu. Lamba ni nguo, vehivavy ni mwanamke, savony ni sabuni.

Manasa lamba ny vehivavy: anafua nguo yule mwanamke. Sasan'ny vehivavy ny lamba: inafuliwa na mwanamke ile nguo. Anasan'ny vehivavy lamba ny savony: ya kufulia nguo mwanamke ni ile sabuni. Kila mara anayewekwa mwisho ndiye anayezungumzwa, na kitenzi hubadilika ili kutuambia huyo wa mwisho ana kazi gani: mtendaji, mtendwa, au chombo. Sisi tunayo sehemu ya jambo hili katika -fuliwa na -fulia, kwa hiyo tulia, si mageni sana.

Kosa kubwa linatokea kwenye amba-. Kiswahili kinakuruhusu kusema nguo ambayo mwanamke anaifua. Ukitafsiri neno kwa neno utasema ny lamba izay manasa ny vehivavy, na wasikilizaji watacheka kwa sababu umesema nguo inayomwosha mwanamke. Kimalagasi hukuruhusu kuunganisha izay na yule wa mwisho peke yake. Basi kwanza geuza kitenzi ili nguo iwe mwisho, kisha unganisha: ny lamba izay sasan'ny vehivavy. Jizoeze kugeuza kabla ya kuunganisha, mara ishirini kwa vitenzi tofauti, na tatizo litakwisha.

SWALI: Bibi yangu wa Mayotte anasema Kibushi, mama anakisikia tu, mimi sikijui. Nataka kumrekodi kabla hajachoka zaidi. Nianzie wapi, nami si mtaalamu? – Mjukuu, Marseille

JIBU: Anza wiki hii, na simu yako inatosha. Mweleze bibi unataka kufanya nini na nani atasikiliza, na ridhaa yake irekodiwe kwa Kibushi mwanzoni mwa faili la kwanza.

Usitumie ujumbe wa sauti wa WhatsApp kurekodia. Hubana sauti na kutupa kile unachokitafuta, zile irabu za mwisho zinazonong'onwa. Weka programu ya kurekodi inayotoa faili la WAV, kilohezi 48, biti 16, mkondo mmoja. Itakula karibu megabaiti 350 kwa saa, kwa hiyo safisha simu kwanza. Iweke kiasi cha sentimita 20 kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isiipige, juu ya kitambaa kilichokunjwa wala si juu ya meza tupu. Zima feni na friji ya chumba hicho. Dakika 45 kwa kikao zinatosha kwa mzee.

Kikao cha kwanza kiwe cha masimulizi: mpunga ulivyolimwa, harusi ilivyokwenda. Usimkatize hata akichanganya Shimaore na Kifaransa. Mchanganyiko huo ndio lugha yake. Kikao cha pili na cha tatu viwe vya maneno, kama 200: mwili, hesabu, jamaa, maji na moto, vitenzi vya kawaida. Kila neno aliseme mara tatu kwa kutua. Ukija kusikiliza tumia la pili. La kwanza mtu hulisema kwa kusitasita, na la tatu sauti hushuka akamaliza, ile irabu ya mwisho ikapotea kabisa. Kisha aliweke katika sentensi fupi.

Mwonyeshe kitu chenyewe au picha badala ya kumtajia neno. Ukimuuliza kwa Shimaore, atakupa neno la Shimaore lililo karibu na ulimi. Ukimuuliza kwa Kifaransa, atajaribu kutafuta tofauti za Kifaransa. Kuna mahali pawili ambapo lazima uulize mara mbili. La kwanza ni sisi. Kimalagasi kina sisi ya kumjumuisha msikilizaji, isika, na sisi isiyomjumuisha, izahay. Kaskazini atsika na zahay. Ukiuliza sisi tu utapata moja na kudhani umemaliza. Muulize: sisi, yaani wewe na mimi, kisha sisi, yaani wewe na wenzako bila mimi. La pili ni ndugu. Kaka wa mwanamume ni rahalahy, kaka wa mwanamke ni anadahy; dada wa mwanamke ni rahavavy, dada wa mwanamume ni anabavy. Wazee wetu wa pwani walikuwa na umbu kwa ndugu wa jinsia nyingine, wataelewa mara moja. Wewe tamka wazi: kaka wa nani?

Vitenzi viombe katika maumbo matatu tuliyoyaeleza kwa kufua. Neno moja la kamusi halikuambii kitenzi kinavyofanya kazi.

Jina la kila faili liwe na tarehe, kijiji na msimbo buc. Katika karatasi ya pembeni andika bibi alizaliwa kijiji gani, mama yake alitoka wapi, na anajua lugha zipi, kwa sababu kijiji cha mama mara nyingi ndicho kilichompa ulimi. Weka nakala tatu, mojawapo nje ya nyumba. Faili la asili usiliguse. Kata na safisha nakala. Ukiwa tayari kuandika maneno chini ya sauti, programu ya ELAN ni ya bure na hukuonyesha mawimbi ya sauti mbele yako. Dakika moja ya masimulizi inaweza kukuchukua saa nzima kuiandika mwanzoni. Ni kawaida, usivunjike moyo.

SWALI: Vijana wa kwetu huandika Kibushi kila mtu na mtindo wake. Mimi nimeshaona zaho, zahou na zahu, yote yakimaanisha mimi. Nifuate lipi? – Msomaji, Mamoudzou

JIBU: Zaho ni mwandiko wa Madagaska, ambako o ni u. Zahou ni sikio la Kifaransa. Zahu ni mtindo wa u kwa u, kama Kiswahili. Machi 2020 Baraza la Mkoa wa Mayotte, kwa kushirikiana na chama cha SHIME, lilitangaza tahajia rasmi za Shimaore na Kibushi, kwa herufi za Kilatini na za Kiarabu vilevile. Sisi tungekushauri ufuate hiyo, basi zahu. Inasomeka na Mmaore wa Shimaore bila kufundishwa upya, na waliosoma chuoni kwa alifu na bee hawaachwi nje.

Tatizo litakuwa kwenye kibodi. ɓ ni U+0253 na ɗ ni U+0257. Ziweke kwenye njia za mkato za simu yako. Ile ng' yetu huandikwa n̈, n yenye nukta mbili juu, kama kaskazini ya Madagaska wanavyoandika Antsiran̈ana. Herufi hiyo haina nafasi yake peke yake: unaandika n kisha U+0308. Wengi wakikosa hilo huandika ñ ya Kihispania, na hapo ndipo mambo yanapoharibika, kwa sababu kwa macho yanakaribiana lakini kompyuta inaona herufi mbili tofauti. Ukitafuta neno hulipati, na orodha yako ya maneno inakuwa na kila neno mara mbili. Ukishakuwa na faili lenye mchanganyiko, badilisha ñ zote kuwa n̈ kwa amri moja ya kutafuta na kubadili, kabla hujapanga maneno kwa alfabeti.